Ndama Akija Kinyumenyume: Nani Alijifunza Kumsaidia Ng'ombe?

Hebu mchore ng'ombe anayezaa. Nini kinatangulia? Ukijibu "kwato mbili za mbele, kisha kichwa", uko sawa na wachongaji wa Misri ya kale. Katika kaburi la Ti huko Saqqara, lenye zaidi ya miaka 4,000, kuna ng'ombe anazaa na mchungaji anamvuta ndama. Kwato na kichwa viko mahali pake.

Lakini kwa takribani ndama 5 kati ya 100, picha hugeuka: nyuma ndiyo inayotangulia. Mimba ikiwa changa hilo si tatizo, maana wengi hukaa hivyo, halafu hugeuka kadiri siku zinavyosogea. Wapo wasiogeuka, hasa pacha.

Je, ng'ombe anaweza kumzaa huyu mwenyewe? Inategemea. Miguu yote miwili ya nyuma ikiwa imenyooka, na nyonga ya mama ina nafasi, wengi husukuma wakafanikiwa. Hatari ni muda. Kitovu hubanwa kwenye nyonga wakati kichwa bado kimo ndani. Damu ya mama inakatika, ndama anataka kuvuta pumzi, na anachovuta ni maji.

Mbaya zaidi ni pale miguu imekunjwa chini ya tumbo na kinachotangulia ni matako. Hapo hakuna kwato inayoonekana nje, na mama anaweza asisukume kwa nguvu. Mfugaji anadhani bado mapema, kumbe saa zinakwenda. Ndama wa ukubwa wa kawaida karibu haiwezekani atoke hivyo bila mkono wa mtu.

Kwa karne nyingi mkono huo ulikuwa wa mchungaji. Claude Bourgelat alipoanzisha shule ya mifugo Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, hofu kubwa ya zama zile ilikuwa sotoka, siyo uzazi. Mwaka 1878 George Fleming alichapisha Uingereza kitabu kinene kuhusu uzazi wa mifugo. Katika miaka ya 1920, Franz Benesch wa Vienna alionyesha kwamba ganzi ikichomwa kwenye uti, karibu na shina la mkia, ng'ombe huacha kusukuma. Ni jambo kubwa! Sasa daktari angeweza kumrudisha ndama ndani kidogo na kuinyoosha miguu bila kushindana na misuli ya mama.

Ila binadamu huyohuyo ameongeza matatizo. Ng'ombe wa Belgian Blue wamechaguliwa kwa nyama nyingi mpaka upasuaji wa kuzalisha umekuwa kawaida kwao. Na huku kwetu, mtamba mdogo wa kienyeji akipandishwa mbegu ya dume kubwa, ndama anaweza kuzidi njia, hata akija vizuri.

Kwa hiyo ukiwa zizini, angalia nyayo za kwato. Zikitazama juu huku mama amesimama, huenda ni miguu ya nyuma. Papasa kuelekea juu: mguu wa mbele, viungo viwili vya kwanza hukunjika upande mmoja, wa nyuma, hukunjika pande tofauti. Ukigundua ni ya nyuma, mwite daktari wa mifugo hapohapo. Usianze kuvuta kisha ukapumzika katikati, kwa sababu kitovu kikishabanwa, zinabaki dakika chache tu.