Amonia: kutoka mbolea na vita hadi hidrojeni safi

Mwaka 1943, wakati wa vita vya pili vya dunia, mazutu ilikosekana Ubelgiji, nchi iliyokuwa ikitawala Kongo. Ili mabasi yasisimame, wahandisi waliyafunga mitungi ya amonia. Kwa kuwa amonia peke yake haishiki moto kwa urahisi, waliichanganya na gesi ya makaa ya mawe, yenye hidrojeni nyingi. Mabasi yakaendelea kubeba watu.

Amonia ni gesi yenye harufu kali inayouma macho. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alifaulu kuitengeneza kwa kuunganisha hidrojeni na nitrojeni ya hewani. Mwenzake Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza. Mbolea yake imelisha mamilioni ya watu. Lakini vita vilipoanza mwaka 1914, amonia hiyo hiyo ilitumiwa kutengeneza vilipuzi.

Leo wataalamu wanafanya kinyume cha kazi ya Haber: wanaivunja amonia ili watoe hidrojeni. Hidrojeni ikitumiwa kuendesha gari la umeme hutoa maji, si moshi. Shida ni kuisafirisha. Ili iwe kimiminika inahitaji baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, lakini amonia inatosheka na nyuzi 33. Kwa hiyo meli hubeba amonia. Ikifika, hupashwa moto mkali juu ya madini kama nikeli, nitrojeni inarudi hewani na hidrojeni inabaki. Mwaka 2018, huko Brisbane, Australia, watafiti wa CSIRO waliichuja kwa utando mwembamba wa chuma, na magari yakatembea.

Hata hivyo, amonia nyingi bado inatengenezwa kwa gesi ya ardhini, inayochafua hewa. Iliyo safi huanza na maji yanayotenganishwa kwa umeme wa jua, upepo au mto. Ndiyo sababu bwawa la Inga linatajwa.

Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972, ya pili mwaka 1982. Nyaya zake zilivuka nchi hadi migodi ya Katanga, zikipita juu ya vijiji vilivyobaki gizani. Kama umeme wa Inga utageuzwa hidrojeni ya kuuzwa ng'ambo, wakaaji watapata nini? Mama anayepikia makala kambini ana haki ya kujibiwa kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa.