Mechi za kimataifa Bongo: uwanja unachaguliwaje, na wewe wa Kariakoo unafikaje

Tangu CHAN ipite Agosti 2025, kijiweni naulizwa maswali mawili yale yale. La kwanza, kwa nini mechi inapelekwa uwanja huu na siyo ule? La pili, nikishapata tiketi nafikaje, na narudije salama? Kwa vile AFCON ya 2027 walipewa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja (CAF walitangaza Septemba 2023), nimeona niyaweke yote sehemu moja. Mwenye hela ya kuprinti aprinti, abandike ukutani.

Tuanze na viwanja. Wengi wanadhani anayepanga ni TFF au serikali. Ukweli ni kwamba nchi inapendekeza tu, CAF ndiyo inayokata. Wakaguzi wao wanaangalia nyasi, taa, vyumba vya kubadilishia nguo, viti, milango ya kuingilia na ya kutokea, halafu wanatoka nje kuangalia viwanja vya mazoezi, hoteli, hospitali na uwanja wa ndege. AFCON ya timu 24 inataka viwanja visivyopungua sita: viwili vya watu 40,000 kwenda juu, viwili vya 20,000 na viwili vya 15,000. Sasa piga hesabu mwenyewe, ni nchi gani ya kwetu ingeweza hayo peke yake? Ndiyo maana wakaungana watatu.

Sisi tunao Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke, watu 60,000, ulifunguliwa 2007, jina la Mkapa ukapewa 2020 baada ya mzee kufariki. Ukubwa upo, hilo halina ubishi. Lakini ukubwa hautoshi, na Mei 2025 tuliliona hilo kwa macho yetu. Simba ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho. Mechi ya kwanza kule Morocco ilifungwa 2-0 na RS Berkane, ikawa inahitaji kelele zote za kwa Mkapa ipindue matokeo. CAF wakasema sehemu ya kuchezea haifai, mechi ikapelekwa Amaan, Zanzibar, uwanja wa watu kama 15,000. Ikaisha 1-1, kombe likaenda Morocco. Siwezi kuapa kwamba Temeke tungeshinda, ila mashabiki 45,000 walikosa nafasi kwa sababu ya nyasi! Kwa hiyo ukisikia uwanja umefungwa miezi kadhaa unatengenezwa, usikasirike. Kasirika ukisikia haujafungwa.

Jirani zetu Kenya yamewakuta makubwa zaidi. Walipewa AFCON ya 1996 ikaenda Afrika Kusini, wakapewa CHAN ya 2018 ikaenda Morocco, mara zote maandalizi yaligoma. Septemba 2024 Harambee Stars walicheza mechi yao ya "nyumbani" na Zimbabwe pale Namboole, Kampala, maana kwao hapakuwa na uwanja uliopitishwa. Na CHAN yenyewe ilikuwa iwe Februari 2025, ikasogezwa hadi Agosti ili viwanja viishe.

Sasa jambo ambalo shabiki anatakiwa alijue kabla hajanunua tiketi: kwenye mashindano ya nchi tatu, timu zinahama. Taifa Stars kwenye CHAN walicheza makundi yote kwa Mkapa, wakaongoza kundi, robo fainali wakabaki hapo hapo wakatolewa na Morocco 1-0. Lakini Madagascar, tuliokuwa nao kundi moja, walitoka Tanzania wakaenda Nairobi kuwatoa Kenya, wakarudi Dar kuwatoa Sudan kwenye nusu fainali, wakapanda tena Nairobi kwenye fainali na Morocco, wakafungwa 3-2. Shabiki aliyesema "namfuata Mmadagascar mpaka mwisho" alihitaji nauli ya kazi. Kwa hiyo ratiba ikitoka usiangalie kundi tu. Angalia mshindi wa kwanza anakwenda mji gani na wa pili anakwenda wapi, ndipo upange bajeti.

Haya, tufike Kariakoo. Kutoka sokoni hadi kwa Mkapa ni kilomita nne na ushee, haifiki safari ya kukodi gari. Njia ya kwanza ni daladala za Mbagala zinazopita Kilwa Road, unashuka Uhasibu, unamalizia kwa miguu. Barabara hiyo hiyo ndiyo iliyojengewa njia ya mwendokasi ya awamu ya pili kwenda Mbagala. Wakati wa CHAN mabasi yake yalikuwa bado hayajaanza kubeba watu, kwa hiyo kabla ya mechi uliza kwanza siku hiyo yanakwenda vipi.

Njia ya pili ni Chang'ombe, na mimi naipenda zaidi. Unashuka na Msimbazi hadi Kamata, unashika Nyerere Road hadi Veta, unakata kushoto Chang'ombe Road mpaka karibu na DUCE, hapo uwanja unauona. Kwa miguu ni kama saa moja ya kijana asiye na haraka. Siku ya mechi kubwa foleni inaanza mapema na barabara za jirani zinafungwa, mtu wa miguu anampita mwenye bajaji akiwa amekwama na dereva anadai aongezewe. Bodaboda mpatane bei kabla ya kupanda, na kurudi usimchukue wa getini, tembea kwanza mitaa miwili mitatu.

Wa mikoani mnaokuja na treni ya SGR kutoka Dodoma au Morogoro, mnashukia katikati ya mji, Kariakoo siyo mbali. Tazameni tu saa ya treni ya kurudi. Mechi ya usiku ikienda dakika 120 na penalti, lala mjini.

Kwenye kuingia ndipo naomba tusikilizane vizuri. Mei 28, 2023, fainali ya Yanga na USM Alger, watu walisukumana hapo kwa Mkapa, mtu mmoja akafariki na wengine wakaumia. Mtu aliyetoka nyumbani kwenda kuangalia mpira! Nairobi kwenye CHAN mashabiki walivamia mageti, CAF wakapunguza watu wa Kasarani hadi 27,000. Nenda saa tatu au nne kabla. Jua geti lako na aina ya kiti chako, mzunguko siyo VIP C, ukikosea geti unageuka kupambana na wimbi la watu. Ukiona geti limejaa na nyuma wanaendelea kusukuma, toka pembeni mapema, goli la kwanza utaliona kwenye marudio. Mtoto mdogo mwache nyumbani. Simu weka mfuko wa mbele, vibaka nao wanaijua ratiba. Tiketi ya mlanguzi wa mtaani siinunui hata aapie mama yake. Bora nikakae banda umiza.

Mechi za Amaan: boti za kwenda Unguja zinatoka bandarini, mwendo wa kama saa mbili, kitambulisho ni lazima. Ukishafika, uwanja uko mjini, haukusumbui. Kinachosumbua ni kwamba usiku hakuna boti ya kasi ya kurudi, hivyo hesabu na pa kulala.

Arusha, kwenye uwanja mpya wa watu 30,000 unaojengwa kwa ajili ya AFCON, basi unapanda Mbezi, kituo cha Magufuli, na kutoka Kariakoo kwenda Mbezi tu ni safari. Ukiwa Arusha, Nairobi iko karibu kuliko Dar, unavuka Namanga. Hapo Mtanzania anahitaji pasi au hati ya dharura ya safari, kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Kashughulikieni mapema, msisubiri timu ifuzu ndipo mkapange foleni Uhamiaji wote siku moja.

Njia ya Gongo la Mboto na ya Kigamboni sijaziandika kwa sababu siyo za kwangu, wenyeji tupieni hapo chini mnashukia wapi na mnarudi na nini mechi ikiisha saa tano usiku.