Haki ya njia na ugawaji wa nafasi za treni (Tanzania)

Haki ya njia ni ruhusa ya mwendeshaji kupitisha treni yake juu ya reli isiyo mali yake. Ugawaji wa nafasi ni uamuzi wa nani apite, saa ngapi, na nani asubiri pembeni. Nchini Tanzania mambo haya yalikaa muda mrefu ndani ya ofisi moja bila kujadiliwa hadharani, ingawa athari zake hufika mbali, hata kwa mkulima wa pamba wa Samuye, kata iliyo kati ya Isaka na mji wa Shinyanga. Makala haya yanashikilia kwamba anayegawa nafasi hapaswi kuwa yuleyule anayezigombea, na kama sheria imempa kazi zote mbili, basi vigezo vyake viandikwe na vichapishwe.

Nafasi hutokana na nini

Reli ya Kati na tawi lake la Tabora–Mwanza, lililokamilishwa na Waingereza mwaka 1928, ni za njia moja yenye upana wa mita moja. Treni mbili zinazokutana hazipishani ila stesheni, ambako njia ya pili imelazwa sambamba na ile kuu. Ya kwanza huingia pembeni, pointi zinageuzwa na kufungwa, mkuu wa stesheni anawasiliana na mwenzake wa mbele kuhakikisha kipande ni kitupu, ndipo ya pili inaruhusiwa. Tuchukue kipande ambacho treni hukimaliza kwa dakika 40, na dakika 10 zaidi ziende kwenye kupeana ruhusa: kwa saa 24 kitapitisha treni 28, yaani 14 kila upande. Kipande kinachochukua muda mrefu kuliko vyote ndicho kinachoamua uwezo wa njia nzima, hata kama vingine vingeweza kupitisha mara mbili ya hizo. Tena njia ya pembeni ikiwa fupi kuliko treni, treni hiyo haiwezi kumpisha yeyote. Wengine wote wataisubiri. Matengenezo hula saa, na kichwa cha treni kikiharibika katikati ya pori hula siku. Nafasi, kwa hiyo, ni mali, na ni mali isiyowekwa ghalani: ya saa nane usiku ikipita bila treni, imepotea.

Umiliki na sheria

Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914. Kuanzia 1948 iliendeshwa na shirika la pamoja la Afrika Mashariki, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 likaundwa Shirika la Reli Tanzania (TRC). Muda wote huo mwenye reli, mwenye vichwa na mpanga ratiba alikuwa mmoja. Mabadiliko makubwa yalikuja na Sheria ya Reli ya 2002: miundombinu ikakabidhiwa kampuni hodhi, RAHCO, na udhibiti ukawa kwa mamlaka ya usafiri, SUMATRA. Oktoba 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya TRL, ambamo RITES ya India ilishika asilimia 51 na Serikali 49, kwa mkataba wa miaka 25. Ubia huo ulidumu miaka michache tu, na mwaka 2011 Serikali ikarudisha hisa zote mikononi mwake. Sheria ya Reli Na. 10 ya 2017 iliunganisha RAHCO na TRL kuwa TRC mpya, yenye kazi ya kusimamia miundombinu na kuendesha treni pia. Mwaka 2019 ikaundwa LATRA kuwa mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu.

Kipindi cha RAHCO na TRL hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba kutenganisha reli na treni ni kosa. Ushahidi huo ni dhaifu. Mwendeshaji alikuwa mmoja, na mwenye nyumba mwenye mpangaji mmoja hana haja ya kupanga zamu ya bomba. Kilichoshindwa ni ubia wenyewe. Ugawaji wa nafasi haukuwahi kujaribiwa. Jaribio lililo karibu zaidi ni la TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ambayo iliruhusu kampuni binafsi ya mizigo, Calabash, kupitisha treni zake juu ya reli iliyokuwa na uwezo mwingi usiotumika.

Pingamizi

Wapo wanaosema treni zetu bado ni chache mno kuhitaji kanuni. Lakini uhaba hauenei sawasawa mwaka mzima. Pamba inapochambuliwa, marobota yote hutafuta mabehewa katika miezi ileile, huku mizigo ya Rwanda na Burundi ikiendelea kuteremshwa kwenye bandari kavu ya Isaka. Bila kigezo kilichoandikwa, mwenye mzigo mkubwa na simu ya kumfikia mkubwa ndiye atakayepita, na chama cha msingi cha wakulima kitaambiwa kisubiri. Pia anayenunua kichwa cha treni hununua kitu cha miaka thelathini. Hawezi kutegemea ahadi ya mdomo.

Wengine hutaja Uingereza, ambako ajali ya Hatfield ya Oktoba 2000 iliua watu wanne na mwaka uliofuata kampuni ya Railtrack, iliyomiliki njia bila kuendesha treni, ikawekwa chini ya usimamizi maalumu. Kilichovunjika pale ni chuma kilichokosa matengenezo. Network Rail ilipochukua njia mwaka 2002, treni za kampuni mbalimbali ziliendelea kupangiwa nafasi kwa kanuni zilizoandikwa.

Pingamizi zito ni la tatu: kwamba Serikali, iliyokopa fedha nyingi kujenga reli mpya ya kisasa (SGR), lazima iwe na uwezo wa kuelekeza mizigo. Kenya ilijaribu. Mwaka 2019 iliagizwa kwamba makontena ya bandari ya Mombasa yapelekwe kwa SGR yake, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikaona amri hiyo ni kinyume cha sheria. Maslahi ya taifa yanaweza kabisa kuwa kigezo, mradi yatajwe mapema na yapimwe. Daftari la kila treni iliyosubiri, stesheni gani, dakika ngapi na kwa sababu gani, likiwekwa wazi, litamaliza ubishi mwingi.

Migodi

Geita haina reli. Bulyanhulu na Mwadui hutegemea sana barabara, kwa hiyo migodi hii bado si wagombea wakubwa wa nafasi za treni.

Hali ya sasa

SGR ya Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi 2021. Serikali imetangaza kwamba waendeshaji binafsi watakaribishwa. Upana wa SGR ni milimita 1,435, kwa hiyo behewa la reli ya zamani haliwezi kuingia juu yake: mzigo utakaobadilisha reli Isaka utalazimika kushushwa na kupakiwa upya. Haki ya kupita reli bila haki ya kutumia yadi, kreni na njia za kupakilia za Isaka itamfikisha mwendeshaji mgeni getini tu.