Kutoka Jina hadi Picha: Historia ya Kutazama Kiungo Kinachouma

Bibi yangu aliuza nyanya na vitunguu Goma kwa zaidi ya miaka thelathini. Alitoka nyumbani kwetu Majengo kabla ya jua kuchomoza, beseni kichwani, akapanga foleni pale Petite Barrière, akavuka mpaka na kurudi jioni. Goti lake la kulia lilipoanza kuuma, yeye mwenyewe aliupa ugonjwa huo jina la Kinyarwanda: rubagimpande. Majirani wakaupa jina la Kiswahili: baridi yabisi. Daktari wa kwanza aliyemwona hakuupa jina lolote. Alitazama picha ya eksirei, akasema mifupa ni mizima, akampa vidonge vya maumivu na kumshauri apunguze uzito. Bibi hakuwa na uzito wa kupunguza. Kwa miaka miwili iliyofuata, baadhi yetu nyumbani tulianza kuamini kwamba anatia chumvi. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Insha hii imetokana na kosa hilo. Nilipoanza kusoma ili nijue goti la bibi lilikuwa na nini, nilikuta historia ndefu ya watu waliotaka kuona ndani ya kiungo cha mtu aliye hai. Nitaieleza kwa hatua tatu: jina, eksirei na MRI. Hoja yangu ni kwamba kila hatua iliona jambo ambalo iliyotangulia haikuliona, lakini hakuna hata moja iliyoondoa haja ya kumsikiliza mgonjwa. Wanafunzi wa lugha kama sisi tuna sababu ya kuijua historia hii, kwa maana inaanza na maneno.

Nikiligawa neno rubagimpande, nasikia ndani yake kubaga, yaani kuchinja na kukata nyama, na impande, yaani pande. Ni ugonjwa unaomkata mtu vipande. Baridi yabisi inaeleza hali nyingine: ubaridi, ukavu, na mwili uliokakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani. Maneno hayo mawili yana asili ya Kiarabu, na yanakumbusha tiba ya kale ya Wagiriki na Waarabu, iliyoyapanga maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Aliyetumia majina hayo hakuwa na chombo chochote cha kutazamia. Alikuwa na mwili wake tu, akaeleza alichokihisi.

Majina ya namna hii yamewahi kuingia hata katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Mwaka 1952 homa ilizuka katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walishikwa na maumivu makali ya viungo hata wakatembea wamejikunja. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walipochapisha maelezo ya homa hiyo mwaka 1955, walitumia jina la wenyeji: chikungunya. Mara nyingi tunasoma kwamba hilo ni neno la Kiswahili. Ni la Kimakonde, na huhusishwa na kitenzi kungunyala, maana yake kukauka au kujikunja. Miaka michache baadaye, mwaka 1959, homa nyingine inayofanana nayo ilianzia kaskazini mwa Uganda, ikaenea hadi Kenya na Tanganyika na kuwapata watu wapatao milioni mbili. Nayo ilibaki na jina la Kiacholi, o'nyong-nyong, lenye maana ya kuvunja viungo. Makonde na Acholi wako mbali sana, na lugha zao hazina undugu. Hata hivyo wagonjwa wa pande zote mbili walitaja kwanza viungo, wala si joto la homa. Daktari aliyesikia jina tu alikwishajua pa kutazama.

Hatua ya pili ilianza tarehe 8 Novemba 1895 mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua miale ya eksirei. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake: mifupa ya vidole na pete vikaonekana, nyama ikawa kivuli hafifu. Kwa mara ya kwanza viungo vya mtu aliye hai vilionekana bila kisu. Eksirei ikawa kipimo cha maradhi ya viungo kwa karibu karne nzima. Mwaka 1957, J. H. Kellgren na J. S. Lawrence wa Manchester walichapisha viwango vya kupima uchakavu wa kiungo kwa picha hiyo, kuanzia sifuri hadi nne, na viwango hivyo vinatumika hadi leo. Watafiti hao walikuwa wamechunguza pia wachimba makaa ya mawe, watu ambao kazi yao ilikuwa kupiga magoti, kuinama na kubeba. Niliposoma habari hiyo niliwakumbuka wanawake wa foleni ya mpakani.

Katika ukanda wetu eksirei ilifanya kazi kubwa. Kwa muda mrefu vitabu viliuhesabu ugonjwa wa baridi yabisi ya uvimbe, ule unaoshambulia vidole na viwiko, kuwa haba miongoni mwa Waafrika. Mwaka 1970 madaktari wa Kampala, miongoni mwao Bwogi Richard Kanyerezi, walichapisha katika jarida la Uingereza maelezo ya wagonjwa Waafrika wa Uganda wenye ugonjwa huo. Mtu akisema haupo, sasa kulikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Lakini eksirei ina upofu wake. Inaona vizuri kitu kigumu chenye madini ya kalsiamu, yaani mfupa. Gegedu, ile tabaka laini inayozuia mifupa miwili kusagana, haionekani. Daktari huona nafasi tupu kati ya mifupa, akakisia unene wa gegedu kwa upana wa nafasi hiyo. Kano, utando wa kiungo, maji yake na uboho uliomo ndani ya mfupa havionekani vizuri, au havionekani kabisa. Kwa hiyo daktari aliyesema mifupa ya bibi ni mizima hakusema uongo. Alisema kile ambacho picha yake iliweza kusema. Kosa lilikuwa kugeuza kimya cha picha kuwa ushahidi dhidi ya mgonjwa, na kosa hilo mimi nililifanya bila hata kuwa daktari.

Hatua ya tatu ilikuja kwa njia ya maji. Sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji, na kila chembe ya maji ina haidrojeni. Kiini cha haidrojeni huwa kama sumaku ndogo inayozunguka mfano wa pia. Mtu akiwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu nyingi, sehemu ndogo ya pia hizo hujipanga kufuata upande mmoja. Mashine ikipiga mawimbi ya redio, pia huyumba. Mawimbi yakikatika, hurudi mahali pake huku zikitoa ishara. Pia zilizomo katika maji huru hurudi polepole kuliko zilizobanwa ndani ya gegedu au kano. Tofauti hiyo ya muda ndiyo inayogeuzwa kuwa picha. Sumaku ya kawaida hospitalini ina nguvu ya tesla 1.5, karibu mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia.

Wanafizikia Felix Bloch na Edward Purcell waliionyesha ishara hiyo mwaka 1946, kila mmoja na wenzake, bila kufikiria hospitali. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alichapisha njia ya kuigeuza kuwa picha. Mwaka 1977, huko Nottingham, Uingereza, Peter Mansfield na Andrew Maudsley walipata picha ya kidole cha mtu aliye hai, na kundi jingine la mji huohuo likapata picha ya kifundo cha mkono. Mwaka huohuo huko New York, tarehe 3 Julai, Raymond Damadian na wenzake walipata picha ya kwanza ya kifua cha mtu, baada ya karibu saa tano za kusubiri. Lauterbur na Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Jambo lililonivutia ni kwamba kidole na kifundo cha mkono, yaani viungo, vilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za binadamu kuonekana kwa njia hii. Vilichaguliwa kwa sababu sumaku za mwanzo zilikuwa nyembamba. Mwili mzima haukuingia.

MRI iliwapa wagonjwa haki yao. Mwaka 2001, David Felson na wenzake wa Boston walichapisha utafiti wa watu 401 ambao magoti yao yalionyesha uchakavu katika eksirei. Baadhi yao walikuwa na maumivu, wengine hawakuwa nayo. Eksirei haikuweza kueleza tofauti hiyo. MRI ilionyesha madoa ya maji ndani ya uboho kwa asilimia 77.5 ya wenye maumivu, na kwa asilimia 30 tu ya wasio nayo. Hivyo sehemu ya jibu ilikuwa ndani ya mfupa, mahali ambapo eksirei haikufika. Chikungunya nayo ikaonekana upya. Mwaka 2004 homa hiyo ilirudi katika pwani ya Waswahili: mjini Lamu inakadiriwa watu 13,500, yaani robo tatu ya wakazi, waliambukizwa. Kutoka hapo ilifika Komoro, kisiwa cha Réunion na India. Madaktari wa India waliwapiga MRI wagonjwa ambao viungo vyao viliendelea kuuma baada ya homa kuisha, na mwaka 2010 wakaeleza walichokiona: maji katika kiungo, utando ulionenepa, uboho uliovimba, mifupa iliyoanza kumomonyoka. Zaidi ya nusu karne baada ya Wamakonde kutoa jina, picha ilithibitisha kwamba hawakutia chumvi.

Hata hivyo, tusiifanye mashine kuwa hakimu mpya. Mwaka 2012, Ali Guermazi na wenzake walichapisha utafiti wa watu 710 wa Framingham, Marekani, wenye umri wa zaidi ya miaka 50, ambao eksirei za magoti yao hazikuonyesha uchakavu wowote. MRI ilikuta kasoro angalau moja kwa asilimia 89, na wasio na maumivu walikuwa karibu sawa na wenye maumivu. Mashine inayoona kila kitu inaweza kumpa ugonjwa mtu ambaye haumwi. Ili kujua doa lipi lina maana, daktari hana budi kuuliza: unaumwa wapi, tangu lini, ukifanya nini? Anarudi palepale tulipoanzia, kwenye maneno ya mgonjwa.

Tatizo jingine ni umbali. Hospitali kubwa zenye mashine ya MRI, kama King Faisal, ziko Kigali. Kutoka Gisenyi ni basi la saa tatu au zaidi, nauli, mahali pa kulala, na siku za biashara zinazopotea. Mfano mmoja wa jirani zetu unatia moyo. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha palepale chuoni mashine ya MRI ya sumaku dhaifu, takriban tesla 0.05. Ilikusudiwa watoto wenye maji kichwani, si magoti ya wazee, na picha zake haziwezi kushindana na za sumaku kubwa. Lakini kutoka Gisenyi, Mbarara haiko mbali sana, na mashine inayoweza kujengwa chuoni inaweza kutengenezwa na mafundi wa chuoni inapoharibika.

Sisi tulimpeleka bibi Kigali kwa fedha za kikundi cha akiba cha mama yangu, ambacho hapa tunakiita ikimina. Kabla ya kumlaza kwenye mashine, daktari alimwuliza maswali kwa Kinyarwanda kwa muda wa kutosha, naye akajibu yote, mpaka beseni na foleni akazieleza. Picha ilionyesha maji mengi ndani ya goti, kigegedu kimoja chenye umbo la mwezi mwandamo kimechanika, na doa ndani ya mfupa wa paja. Maji yalionekana meupe kabisa. Nilifikiri juu ya neno yabisi: kiungo kilichoitwa kikavu kilikuwa kimejaa maji. Lakini jina halikukosea, kwa sababu lilieleza ukakamavu aliouhisi kila asubuhi. Bibi aliitazama picha, kisha akanitazama mimi. Hakusema kitu. Niliomba radhi nikiwa kwenye basi la kurudi, tulipokuwa tunapita Musanze.

Hajarudi Goma na beseni lake, na hatarudi. Anafanya mazoezi aliyofundishwa, anatembea na fimbo, siku nyingine goti humruhusu kwenda msikitini kwa majirani wakiwa na harusi. Kwangu somo limebaki. Wanafizikia na madaktari wataendelea kuboresha sumaku zao. Kazi yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili ni kukusanya na kueleza maneno ambayo watu wa Gisenyi na Goma hutumia wanapotaja maumivu: linalokata, linalochoma, linalokakamaza, linalokunja. Daktari kijana anayetoka mkoa mwingine akiyajua maneno hayo, atajua pa kutazama hata kabla ya picha, na mgonjwa hatasubiri miaka miwili ili aaminiwe.