Tapentaini na njia mbili za kukeneka msonobari

Kamusi zetu zinalo neno la kazi hii: kukeneka. Ni kukichemsha kitu mpaka kitoe mvuke, kuupoza mvuke huo, kisha kuukinga ukiwa umerudi kuwa majimaji. Mtaani neno hilo husikika kwa nadra, ingawa kazi yenyewe inajulikana vizuri. Mpika gongo anakeneka, ila mwenyewe husema anapika. Kule Wawi, Pemba, kiwanda cha makonyo hukeneka vikonyo vya karafuu kwa mvuke, na kinachotoka tunakiita mafuta ya makonyo bila kuitaja njia iliyoyaleta. Kwa karafuu hakuna ubaya. Kwa msonobari upo, kwa sababu mti huu hukenekwa kwa njia zaidi ya moja, na kinachopatikana kwa njia hii si kile kinachopatikana kwa njia ile. Yapo mafuta yaliyokuwamo mtini tangu ungali hai, na yapo mafuta yanayozaliwa na moto. Istilahi isiyoyatenganisha inampotosha mwanafunzi wa kemia, na inampotosha hata zaidi mtu anayetaka kununua mtambo.

Msonobari, ambao Nyanda za Juu Kusini za Tanzania wengi huuita mpaini au msindano, hubeba utomvu katika mifereji midogo iliyotapakaa ndani ya mbao zake. Mti ukijeruhiwa, utomvu hutiririka na kuliziba jeraha, ukawazuia wadudu na kuvu. Baadhi ya maandishi huuita utomvu huu gundi, na hapo mimi sikubali. Gundi ya mgunga huyeyuka ndani ya maji. Utomvu wa msonobari hauyeyuki majini hata ukilowekwa wiki nzima, bali huyeyuka katika spiriti. Kwa mtu wa kiwandani tofauti hiyo ndiyo kila kitu, maana ndiyo inayoamua atumie kiyeyushi gani. Basi tuuache uitwe utomvu.

Ndani ya utomvu mna vitu viwili. Kimoja ni chepesi, chenye harufu kali, hakikai: kikiachwa wazi kinaruka hewani. Hicho ndicho tapentaini, na kwa kawaida ni kama sehemu moja katika tano za utomvu wote. Kinachobaki, ambacho ni sehemu kubwa zaidi, ni rozini, kitu kigumu cha rangi ya kaharabu kinachovunjika kama kioo. Mpiga fidla hukisugua kwenye upinde wake, viwanda vya karatasi hukitumia ili wino usisambae, na fundi simu hukigusa kila siku bila kukitaja, kwa kuwa kimo ndani ya waya wa risasi anaochomelea.

Kuutoa utomvu katika mti ulio hai ni kugema, na hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa. Mnazi hugemwa, mpira hugemwa, na sasa misindano ya shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, nayo inagemwa. Gome hukwanguliwa, chombo hufungwa chini ya jeraha, na mgema hurudi baada ya siku kadhaa kulifanya jeraha liwe bichi tena. Kusini mwa Marekani, ambako biashara hii ilikuwa kubwa mno katika karne ya 19, wagema walikuwa wakichonga shimo zima kwenye kitako cha shina ili utomvu ujae humo. Miti mingi ilikufa au ikaanguka kwa upepo. Mwanakemia Charles Herty alifanya majaribio huko Georgia kuanzia mwaka 1901, akaonyesha kwamba kikombe cha udongo na vipande vya bati vya kuuelekeza utomvu vinatosha, na mti unaendelea kuishi. Katika misitu ya Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, Pierre Hugues alikuwa amekwisha kuleta chungu cha namna hiyo katika miaka ya 1840. Inashangaza kwamba jambo jepesi kiasi hicho lilichukua zaidi ya nusu karne kuvuka bahari, na misitu mingi iliteketea katikati.

Utomvu uliogemwa hutiwa katika chungu kikubwa cha shaba, ukapashwa moto, na maji yakaongezwa kidogo kidogo. Maji hayo ndiyo siri ya kazi. Tapentaini ikichemshwa peke yake hutokota karibu na nyuzi 155 za Selsiasi, na katika joto hilo rozini iliyo chini yake huanza kuharibika na kugeuka rangi. Lakini tapentaini na maji havichanganyikani, na vimiminika visivyochanganyikana kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo. Kanieneo za mivuke hiyo miwili hujumlishwa. Jumla yake inapofikia kanieneo ya hewa, chungu kinatokota. Hilo hutokea kabla ya nyuzi 100. Hivyo mafuta yanayohitaji nyuzi 155 yanatoka katika joto lisilofika hata la maji yanayochemka, na rozini inabaki na rangi yake safi. Wapishi wa zamani kule Marekani hawakuwa na kipimajoto cha kuaminika. Walitega sikio kwenye mdomo wa bomba la kupozea, na kwa mlio wake wakajua ni wakati wa kuongeza maji au kupunguza moto.

Mvuke ukishapoa, majimaji huingia katika chombo cha kutenganishia. Tapentaini, yenye uzito wa gramu kama 0.86 kwa mililita, huelea juu na kuenguliwa. Mafuta ya makonyo ni kinyume chake: ni mazito kuliko maji, huzama. Anayetoka kwenye karafuu kwenda kwenye msonobari lazima akumbuke kwamba bomba la mafuta linahama kutoka chini kwenda juu.

Kazi hiyohiyo hufanyika bila kugema. Mnamo 1909, huko Gulfport, Mississippi, Homer Yaryan alianzisha kiwanda kilichotumia visiki vya misonobari mikubwa iliyokuwa imekwisha kukatwa. Visiki viling'olewa, vikasagwa vipande vidogo, na mvuke ukapitishwa katikati yake. Tapentaini ilitoka kwanza, ikifuatwa na mafuta mazito zaidi. Kisha rozini ikaoshwa kutoka kwenye vipande kwa kiyeyushi cha petroli. Visiki hivyo havikuwa visiki tu. Vilikuwa vya miti ya umri mkubwa, ambayo moyo wake ulikuwa umeshiba utomvu, na tena vilikaa ardhini miaka mingi mpaka sehemu ya nje yenye utomvu kidogo ikaoza na kudondoka. Namshauri anayevitazama visiki vya mashamba yetu, vya miti iliyovunwa ikiwa bado michanga, asitarajie mavuno ya Mississippi kabla ya kupima.

Njia zote hizi ni ukenekaji kwa mvuke. Kilichotoka kilikuwamo, mvuke ulikibeba tu kutoka ndani ya mbao hadi nje. Ukiyakausha mabaki ya vipande bado utakuta ni mbao, unaweza kuyatia motoni au kuyapeleka kiwanda cha karatasi.

Njia ya pili ni nyingine kabisa. Mbao zenye utomvu hufungiwa ndani ya tanuri la chuma lisiloingiza hewa, na moto huwashwa nje. Kwanza unatoka unyevu na tapentaini iliyokuwamo. Joto likipita nyuzi 200, mbao zenyewe zinaanza kuvunjika, na karibu na nyuzi 280 uvunjikaji huo unatoa joto lake wenyewe. Kinachotoka sasa hakikuwamo mtini: asidi ya asetiki, ile inayoipa siki ukali wake; methanoli, ambayo hadi miaka ya 1920 viwanda viliipata hasa kwa njia hii; gesi inayowaka; na lami nyeusi nzito. Ndani ya tanuri unabaki mkaa. Mchoma mkaa wetu hufanya kazi hiyohiyo chini ya udongo na nyasi, ila anauachia moshi uende. Moshi ule mzito unaochoma macho ni asidi, methanoli na lami visivyopata bomba la kuvipoza.

Kwa lami hiyo mataifa ya kaskazini mwa Ulaya yalijenga majeshi ya majini. Wafini walichimba mashimo yenye umbo la faneli, wakapanga humo vipande vya msonobari, wakavifunika na kuvichoma polepole kwa siku nyingi, na lami ikachuruzika chini hadi kwenye pipa. Kamba na mbavu za merikebu zilipakwa lami hiyo. Pwani yetu haikuihitaji. Majahazi yalipakwa sifa, mafuta ya papa, na chini yakapakwa deheni.

Njia hii ya pili wengine wameiita ukenekaji haribifu, kwa kufuata wazo kwamba mbao zinaharibiwa. Ni kweli zinaharibika, lakini jina hilo linamwambia msomaji habari ya kilichopotea na kumnyima habari ya kilichozaliwa. Mimi naona heri kusema ukenekaji mkavu. Hakuna maji yanayotiwa wala mvuke unaopitishwa, ni mbao na joto tu, na ubavuni mwa ukenekaji kwa mvuke jina hilo linaeleweka bila maelezo. Mwenye mtambo mmoja hawezi kudhani ana mwingine.

Limebaki neno mafuta, nalo lina kazi nyingi kuliko uwezo wake: ya kupikia, ya gari, ya kujipaka, ya kunukia. Mafuta ya msonobari yametumika kutafsiri vitu vitatu. Napendekeza yawe ya kimoja tu, yale mazito yanayotoka visikini baada ya tapentaini, ambayo kiini chake ni terpineoli na hutokota kwenye nyuzi 200 na kitu. Hayo ndiyo yaliyoipa dawa ya kusafishia sakafu harufu yake, na ndiyo yaliyotumika kutengeneza povu linalobeba chembe za shaba juu ya maji wakati wa kuchenjua madini. Siku hizi mengi hayatoki kisikini. Hutengenezwa kwa kuitia tapentaini maji kwa msaada wa asidi. Yanayokenekwa kutoka kwenye majani tuyaite mafuta ya majani ya msonobari. Chepesi kibaki tapentaini, na cheusi cha tanurini kiwe lami ya mti, kisichanganywe na lami ya barabara itokayo kwenye petroli.

Tapentaini iliwahi kukutana na bidhaa yetu wenyewe. Katika karne ya 19 sandarusi iliyofukuliwa ardhini kwenye Mrima ilipita Unguja ikaenda Salem, Massachusetts, na watengenezaji vanishi waliiyeyusha katika mafuta ya kitani, kisha wakaupunguza uzito wa vanishi hiyo kwa tapentaini. Magari ya farasi na samani za huko zilibeba utomvu wa miti miwili ya mabara mawili, na mmoja ni msandarusi wa pwani yetu.

Leo fundi rangi akiomba tapentaini dukani, mara nyingi anapewa kiyeyushi cha petroli kisichowahi kuuona msonobari. Kwa kupunguza rangi ya mafuta na kuosha brashi kinafaa, na ni rahisi zaidi kwa bei. Lakini si tapentaini, hakina pineni, kiini cha tapentaini, ndani yake, na anayetaka kutengeneza kafuri au manukato hawezi kukitumia. Kwenye kopo kiandikwe kiyeyushi cha petroli. Na ile itokayo kwenye viwanda vya karatasi, ambako vipande vya msonobari hupikwa kwa magadi makali na salfidi, iandikwe tapentaini ya salfeti: ni tapentaini ya kweli, imetoka mtini, ila inakuja na harufu ya salfa ambayo lazima iondolewe kabla haijafika kwa mtu wa manukato.