Nishani za Marehemu Baba

Kamati ya kitabu hiki iliponitaka niandike habari za wazee wetu waliopigana katika vita vya 1939–1945, nilidhani kazi ni nyepesi. Marehemu baba alikuwa mmoja wao. Kisanduku chake cha nishani ninacho, na masimulizi yake ninayo, ingawa hakuwa mtu wa kusimulia sana. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa haijaanza.

Siku ya Idi el Fitri mwaka 2025 nyumba yangu hapa Arlington ilikuwa imejaa watu. Siku chache kabla yake, tarehe 25 Machi, lilifunguliwa hapa hapa mjini kwetu jumba la makumbusho la National Medal of Honor Museum, na watoto walikuwa hawana mazungumzo mengine ila ya nishani. Basi nikazitoa za babu yao, nikazitandaza juu ya kitambaa cheupe ili zipigwe picha ya kitabu. Zilikuwa tatu: Nyota ya 1939–45, Nyota ya Burma, na Medali ya Vita. Mpwa wangu, kijana ambaye mwisho wa juma hununua na kuuza vitu vya kale katika soko la Traders Village kule Grand Prairie, akatoa mfukoni kurunzi ndogo yenye mwanga wa zambarau, akaumulika utepe wa Nyota ya Burma. Utepe ukawaka kama kanzu mpya chini ya taa za arusi. Akasema mbele ya wageni, "Mjomba, uniwie radhi. Hii ni ya juzi."

Sikukasirika. Niliona haya, nayo haya ni mbaya zaidi ya hasira. Wako katika jamaa zetu, sina haja ya kuwataja, ambao tangu zamani husema kwamba mzee hakuvuka bahari, na kwamba vita alivimaliza jikoni Nairobi. (Na hata angalikuwa mpishi, sijapata kusikia jeshi lililopigana kwa njaa.) Nikawaona wakitazamana. Picha haikupigwa siku ile.

Kijana hakuwa mjinga. Alilolifanya lina msingi, na ni vizuri kila mwenye vitu vya wazee alijue. Baada ya vita vile viwanda vilianza kutumia sana dawa ya kung'arisha weupe, na dawa hiyo ndiyo inayowaka chini ya mwanga wa zambarau. Utepe wa pamba uliofumwa wakati wa vita hauna dawa hiyo, kwa hiyo hubaki kiza. Utepe wa siku hizi, hasa wenye nyuzi za poliesta, mara nyingi huwaka. Wanunuzi wengi hutegemea kurunzi hiyo, na kwa haki, maana biashara ya nishani hapa Texas imejaa uongo. Katika maonyesho ya silaha niliyopelekwa na mpwa wangu niliona meza baada ya meza za vitu vya Ujerumani ya Hitler, vingi vyake vimetengenezwa juzi na kuchakazwa kwa makusudi, kwa tindikali na chai.

Usiku ule, saa nne, nikampigia simu dada yangu mkubwa aliye Tanga. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri. Nilimweleza habari ya utepe unaowaka. Akacheka. "Wewe ulikuwa shule, hukuyaona. Mama alikuwa akizifua tepe hizo kila mwisho wa Shaabani. Sabuni ya unga ilipoingia madukani, akazifua kwa hiyo hiyo, akazianika pamoja na mashuka."

Mpwa wangu alipoambiwa alikaa kimya, kisha akafanya jambo nililolipenda. Alichukua utepe mmoja wake mwenyewe, wa zamani kwa yakini, akaumulika mbele yangu: kiza. Akauchovya katika maji ya sabuni ya kufulia, akausuuza, akaukausha, akaumulika tena. Ukawaka. Akasema, "Nimeharibu dola kumi na tano, Mjomba, lakini nimejifunza." Tukamulika tepe zote tatu za baba, na zote ziliwaka sawasawa, maana zote zilifuliwa katika beseni moja. Kurunzi ilikuwa haina la kutuambia.

Ikabaki madini. Nyota hizi za Waingereza ni za aina ya shaba, zina ncha sita, katikati pana taji na herufi za jina la Mfalme George wa Sita, na nyuma ni tupu. Hazishikwi na sumaku. Za kweli zilipigwa kwa muhuri wa chuma katika mashini yenye nguvu, ndiyo maana herufi zake zina kingo kali na uwanda ulio baina yake ni laini. Nakala nyingi husubiwa: fundi huchukua nyota ya kweli, akatengeneza kalibu kwayo, akamimina madini yaliyoyeyuka. Madini yakipoa hunywea kidogo, kwa hiyo mtoto huwa mdogo kuliko mama kwa unywele mmoja. Herufi huvimba, ncha huwa butu, na ukitazama kwa lenzi utaona vitundu vidogo vidogo kama vya mkate wa kumimina. Pembeni huenda ukaona mstari uliopigwa tupa, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Tuliitazama Nyota ya Burma kwanza. Ilikuwa ya kupigwa, kali kama sarafu mpya, isipokuwa mahali vidole vya mama viliposugua. Medali ya Vita, ile yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili, nayo haikuwa na ila. Tulipofika kwenye Nyota ya 1939–45, kijana aliitazama muda mrefu kuliko zile nyingine, akanipa lenzi bila ya kusema neno. Nikaviona vitundu.

Nitalirudia hilo. Kwanza niseme neno kuhusu majina, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu hukosea. Watu huniuliza, "Mbona nishani ya babu haina jina?" Katika vita vya 1914–1918, medali ya fedha ya Waingereza ilipigwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha askari. Katika vita vya pili waliacha. Afrika Kusini na Australia waliandika majina ya askari wao, lakini nyota za askari wa Keya, yaani King's African Rifles, zilitolewa tupu kama za Waingereza wenyewe. Kwa hiyo nyota ya Burma yenye jina la askari wa Keya ukingoni si lazima iwe bandia, pengine mwenyewe alimpa sonara aichonge, lakini jina hilo halikutoka serikalini.

Na zile za vita vya kwanza zenye majina zina hila yake. Medali ya askari wa kawaida wa Kiingereza ni nyingi na bei yake si kubwa. Ya askari wa Keya ni adimu, na bei hupanda. Basi mjanja huipiga tupa medali ya Mwingereza hadi jina lifutike, akaandika jipya. Ya namna hiyo tuliiona katika maonyesho yale, ina jina zuri la Kiislamu. Mpwa wangu alipima ukingo kwa kipimio chake cha fundi mahali panne, na palipo na jina palikuwa pembamba kuliko kwingine. Tukairudisha mezani kwa adabu.

Ikiwa nyota haina jina, basi ni nini kinachoifunga na mtu? Karatasi. Dada alikuwa na cheti cha baba cha kuachishwa jeshi, kimekunjwa ndani ya msahafu, akanisomea kwa simu. Hakitaji Burma. Kinataja batalioni ya 36 ya Tanganyika. Hilo lanitosha, kwani batalioni hiyo ilikuwa katika Brigedi ya 26 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru. Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, na katikati ya mwaka 1944 ikaingia Burma. Ilishuka katika bonde la Kabaw wakati wa masika, matope yamefika magotini na malaria kila hema, hadi ikauchukua mji wa Kalewa mapema Desemba 1944, kando ya mto Chindwin. Wengine hawakufika hata huko. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, na zaidi ya watu elfu moja walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Baba alikuwa akisema neno moja tu juu ya Burma: mvua. Sasa naelewa.

Narudi kwenye nyota yenye vitundu. Nilipomwuliza dada, safari hii hakucheka. Akasema, "Nilidhani unajua." Mwaka 1975 nilichaguliwa kuingia sekondari ya bweni. Ada serikali ilikuwa haitozi, lakini sanduku la bati, godoro, mashuka, viatu vyeusi na nauli havikutoka serikalini. Baba alikwenda bandarini Tanga, akaiuza nyota moja kwa baharia wa meli iliyokuja kupakia katani. Aliichagua ya 1939–45, kwa kuwa hiyo, alimwambia mama, kila mtu aliipata. Ya Burma hakuigusa. Miaka minane baadaye marehemu kaka yetu, aliyekuwa baharia, alileta nyingine kutoka London. Aliinunua dukani kwa bei ya nakala, na muuzaji hakumficha. Dada anasema baba aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza nyuma na mbele, akaifungia utepe wa ile ya zamani aliokuwa ameubakiza, akaiweka mahali pake. Hakuulizwa, wala hakusema.

Mpwa wangu alijitolea kuitafuta ya kweli, haina ghali, ili seti ikamilike. Nimemkatalia. Sheria ya Marekani inakataza kuuza Medal of Honor, lakini nyota za Waingereza huuzwa na yeyote, na angeipata katika juma moja.

Picha imo katika ukurasa unaofuata. Niliwaomba wachapaji waandike chini yake hivi: kulia, Medali ya Vita, katikati, Nyota ya Burma, kushoto, nakala ya Nyota ya 1939–45, iliyonunuliwa London mwaka 1983. Tepe zote ni za asili, zimefuliwa.