Nani aliyeiokoa kabuki? Honolulu ina jibu lake

Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Hawaii, pale Manoa, Honolulu, kilitimiza miaka 100 tangu wanafunzi wake waigize kwa Kiingereza kisa cha samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao. Sherehe ilikuwa onyesho la kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, chini ya uongozi wa Julie Iezzi: kisa cha Benten, kijana mwizi anayejipamba kama binti wa samurai ili awalaghai wenye duka la vitambaa.

Wajapani walimiminika Hawaii kuanzia 1885 kwa mikataba ya kukata miwa, na mapenzi yao ya michezo ya jukwaani wakayahamishia huko. Lakini aliyeifanya kabuki kuwa mali ya kila mwanafunzi wa Manoa, awe na asili ya Japani, Ufilipino au Hawaii yenyewe, ni Earle Ernst, Mmarekani ambaye kazi yake Tokyo ilikuwa kuidhibiti kabuki hiyohiyo.

Novemba 1945, miezi michache baada ya Japani kusalimu amri, Wamarekani walisimamisha mchezo wa kabuki wa Terakoya katikati ya msimu. Humo baba anamtoa mwanawe wa kumzaa achinjwe ili mtoto wa bwana wake apone. Watawala wapya waliona huo ndio utiifu wa kipofu uliozaa vita. Michezo ya kisasi na ya kujitoa mhanga ikawekwa kando, hata kile kisa cha samurai 47. Ernst alikuwa katika ofisi ya udhibiti wa tamthilia.

Hapo anaingia Faubion Bowers, mkalimani wa Jenerali MacArthur, mkuu wa Wamarekani walioikalia Japani. Huyu aliipenda kabuki tangu kabla ya vita, na husimuliwa kwamba alipotua Japani 1945 jambo la kwanza alilowauliza waandishi wa habari ni kama mwigizaji Uzaemon bado yu hai. Uzaemon alikuwa amefariki Mei mwaka huohuo. Baadaye Bowers alihamia ofisi ya udhibiti, na Novemba 1947 samurai 47 walirudi jukwaani Tokyo. Wajapani wakamshukuru, na mwandishi Shiro Okamoto akamwandikia kitabu kizima kama mtu aliyeiokoa kabuki. Tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa 2001 na shirika la uchapishaji la chuo hichohicho cha Hawaii!

James Brandon, aliyefundisha Manoa tangu 1968, hakulimeza hilo. Alipekua nyaraka za udhibiti, na mwaka 2006 akaandika kwamba hadithi ya mwokozi mmoja ni ngano tu. Kwa maelezo yake kabuki haikuwahi kukaribia kufa: Ernst na wenzake walikuwa wakilegeza kamba mapema, na kampuni ya Shochiku, yenye majumba na waigizaji, ilijua kujitetea. Kweli, Brandon alikuwa akimtetea Ernst, mtangulizi wake wa idarani. Hata hivyo namwamini zaidi yeye, kwa kuwa makaratasi ya ofisi hayana haja ya kusifiwa. Bowers alisimulia vizuri, na msimulizi hodari hupewa hata ya wenzake.

Ernst alirudi Hawaii kufundisha. Mwaka 1956 alitoa kitabu kuhusu kabuki. Mwaka 1959 akahariri mkusanyo wa tamthilia tatu za Kijapani, na mojawapo ilikuwa ile ya ukoo wa Sugawara, ambamo Terakoya ilitoka. Tangu 1963 wanafunzi wana jukwaa la kisasa, Kennedy Theatre, kazi ya mbunifu I. M. Pei. Brandon aliendeleza mkondo huo hadi alipostaafu, akiwaleta mabingwa kutoka Japani wawafundishe vijana kutembea, kupaza sauti na kupiga shamisen, ala ya nyuzi. Wanafunzi huhitimu na kuondoka, hivyo kila kizazi huanza upya na mwendo wa mguu.

Bowers alifariki 1999 akiwa na sifa zake Tokyo. Ernst ana ukumbi mdogo wa mazoezi uliopewa jina lake, ndani ya jengo hilohilo la Kennedy.